Kofia Haishiki Roho

Jumatatu, 6 Mei 1996

"Mtambo haujui idadi ya mafundi. Mtambo unajua ubora wa fundi."

Hayo ni maneno ya Bwana Lukelo, meneja wetu. Aliyatamka asubuhi ya leo akiwa amepanda juu ya mzani wa magunia ili sote tumwone. Wengine walipiga makofi. Naanza kuandika shajara hii ili nimjibu, maana pale mzanini hakutoa nafasi ya kujibiwa.

Mtambo unajua idadi, Bwana Meneja. Beringi ikikauka grisi huku fundi wake yuko upande wa pili wa kiwanda akichomelea bomba, haiulizi kama fundi huyo ni daraja la kwanza au la tatu. Inaungua. Mtu mmoja hakai mahali pawili, na hilo halihitaji kusomewa. Hata kuku hajaribu kuatamia viota viwili.

Tulikuwa mafundi kumi na mmoja katika kinu hiki cha mpunga. Baada ya watu kupunguzwa kazi kwa redandansi ya Machi tumebaki watatu: mimi Hilari na Donati kwenye mitambo, na Gasper kwenye umeme. Kiwanda kinatafutiwa mnunuzi, na inasemekana wanunuzi hawapendi kukuta watu wengi ndani ya nyumba wanayotaka kuinunua. Marcelino, aliyekuwa kiongozi wetu, sasa yuko Uchindile anapanda miti ya watu. Seremala amerudi kwao. Na mavuno ndiyo yanaanza, bonde zima litatuletea mpunga wake.

Niandike na hili, maana naona ndilo litakalotuua. Tangu kinu kijengwe tulikuwa na desturi yetu. Fundi akitaka kuingia ndani ya mtambo, humwita mwenzake na kumwambia, "Nishikie roho." Mwenzake huenda kwenye swichi ya mtambo ule, huizima, huweka mkono juu yake na kujibu, "Ninayo." Hapo haondoki. Havuti sigara, haendi haja, hata meneja akimwita haendi. Aliyeingia akitoka humgusa bega: "Nirudishie." "Chukua." Ndipo mkono unaondoka kwenye swichi.

Swichi zetu ni za zamani, vifuniko vimevunjika, hazina hata pa kutia kufuli. Kufuli yetu ilikuwa mtu. Sasa watu hawapo.

Nilinyoosha mkono kuuliza hilo. Bwana Lukelo alishuka mzanini.

Alhamisi, 9 Mei

Mvua tangu alfajiri. Mto Lumemo umejaa. Eleveta ya mpunga imesimama mara mbili.

Jumatatu, 13 Mei

Leo Donati amevumbua kitu, na nimechukia.

Alikuwa anataka kuingia kwenye shimo la eleveta, ule mkanda mrefu wa vikombe vya bati unaochota mpunga chini na kuupandisha juu ya kinu. Mimi nilikuwa kwenye pampu, Gasper yuko juu ya nguzo. Hakuwa na wa kumwita. Akazima swichi, akavua pama lake, lile kofia pana la ukindu analoendea shambani na kazini na kanisani, akalitundika kwenye mkono wa swichi. Akashuka shimoni.

Nilipopita nikaliona linaning'inia pale.

"Donati! Kofia yako inafanya nini huku?"

Sauti ikatoka chini, "Inanishikia roho, kaka."

Gasper alikuwa anashuka. Alicheka mpaka akashika nguzo. "Hiyo nayo imepunguzwa mshahara?"

"Haidai mshahara," Donati akajibu kutoka chini. "Ndiyo maana imebaki kazini."

Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Nilimwambia Donati akitoka kwamba mtu anayetafuta njia ya kufanya kazi ya watu wanne anamthibitishia meneja kwamba hao wanne hawahitajiki. Aliniangalia kwa upole wake ule unaonikera. "Sasa nisiingie, kaka Hilari? Watu wameleta mpunga."

Huyu ni mtu mwema, na wema wake ni wa ng'ombe wa plau. Ukimwongezea mzigo anainamisha shingo kidogo zaidi.

Ijumaa, 17 Mei

Meneja ameisikia habari ya kofia. Ameisifu kwenye mkutano wa asubuhi. "Huo ndio ubunifu tunaoutaka." Kuanzia leo ni kanuni ya kiwanda: fundi akiingia ndani ya mtambo, kofia kwenye swichi. Gasper ametundika ya kwake, ya timu ya mpira. Mimi nimekataa kuvaa kofia.

Jumanne, 21 Mei

Paa linavuja juu ya ukuta wa swichi. Nimeandika maombi ya bati mbili. Jibu: hakuna seremala wa kuzipigilia. Nikasema nitazipigilia mimi. Jibu: wewe ni fundi mitambo, una kazi zako.

Ijumaa, 24 Mei

Nilikwenda ofisini kwa Bwana Lukelo. Naandika mazungumzo yetu kama yalivyokuwa.

"Karibu, Bwana Hilari. Umekuja na gazeti gani leo?" Wananiita Gazeti kwa sababu ya barua ninazowaandikia wahariri.

"Nimekuja na jambo dogo. Nataka mtu mmoja kila zamu wa kushika swichi. Asiwe fundi. Kibarua anatosha."

"Mtu mzima asimame na mkono ukutani, halafu nimwandike kwamba anafanya kazi gani?"

"Mwandike kwamba anazuia mauti."

Akacheka, si kwa ubaya. "Tangu Donati aanze na kofia, ni nani ameumia?"

"Bado hajaumia mtu."

"Basi unataka nitibu ugonjwa usiokuwepo."

Hoja hii nimeisikia kwa watu wengi wenye viti vizuri, na kila mara huwa na uvundo uleule. Mtu anayejenga nyumba bondeni mwaka wa ukame husema mto haupiti hapa. Kofia haizuii swichi. Kofia inaomba. Inamwomba kila apitaye akumbuke, aelewe, aijue desturi, awe na macho siku hiyo. Vibarua zaidi ya arobaini wameingia msimu huu, na hakuna aliyewaambia maana ya kofia ukutani. Nilimwambia hayo yote. Akasema atawatangazia.

Jumanne, 28 Mei

Hajawatangazia. Mvua. Beringi. Mvua.

Jumatatu, 3 Juni

Malori kutoka Sanje yamepanga mstari mpaka barabara ya Katindiuka, na baiskeli zenye magunia zimesimama kati yake. Umeme unakatika kila siku mchana, kwa muda wa saa mbili au tatu. Tumeanza kutumia muda huo kufanya matengenezo, kwa kuwa mitambo imesimama yenyewe. Meneja anaona ni baraka. Mimi naona tunaingia ndani ya kinywa cha mamba aliyelala.

Kuna mama mmoja kibarua, Sikitu, anafagia ukumbi wa mitambo. Ni mtu wa makamo, mjane, mnyamavu. Ukumbi haujawahi kuwa safi namna hii. Akikuta spana yako chini anaipangusa na kuiweka mahali utakapoiona. Nilimwamkia leo, akaitikia bila kuinua macho, "Salama, baba, poleni na kazi." Nikawaza: huyu naye, kama Donati. Kiwanda kinaendeshwa na watu wasioweza kusema hapana.

Ijumaa, 7 Juni

Kifua kimejaa vumbi la pumba. Fausta, mke wangu, ananiuliza namwandikia nani kila jioni. Sikuwa na jibu.

Alhamisi, 13 Juni

Jana sikuandika. Leo naandika yote.

Umeme ulikatika jana saa nane mchana. Mvua ilikuwa imeanza tena, ile ya mwisho ya masika, nzito, ikipiga bati mpaka huwezi kusikia mwenzako. Donati alisema kikombe kimoja cha eleveta kimelegea, atashuka akikaze wakati umeme haupo. Nilimwambia anisubiri. Mimi nilikuwa natakiwa stoo kutafuta mkanda. Akasema, "Nenda kaka, ni dakika chache, kofia ipo." Alizima swichi, akatundika pama lake, akashuka. Nililiona pale kwa macho yangu nilipokuwa naondoka. Maji yalikuwa yanalidondokea kutoka kwenye paa.

Nilikuwa stoo umeme uliporudi. Meneja alitoka ofisini mbio, amevuta koti kichwani. Madereva walikuwa wanapiga honi. Alimkuta Gasper mlangoni.

"Umeme huo! Washa, washa, watu wamelala hapa tangu juzi!"

Gasper akaanza na mashine za kukoboa. Zikanguruma. Akaenda kwenye ukuta wa swichi. Anasema, nami namwamini kuliko ninavyoamini kiapo cha mahakamani, kwamba alitazama. Alitazama swichi ya eleveta kama tulivyokubaliana, na hapakuwa na kofia. Akaita hata hivyo, "Donati!" Mashine zilikuwa zinanguruma na mvua inapiga. Hakujibiwa. Akadhani Donati ametoka, amevaa kofia yake, ameondoka.

Akawasha.

Kule stoo niliusikia mkanda wa eleveta ukianza kuzunguka. Niliusikia na moyo wangu ukatulia, maana ulikuwa mlio mzuri, wa mtambo uliotengenezwa na mtu anayejua. Kisha mlio ukabadilika. Ukawa mzito, kama gari linalopanda kilima. Nikakimbia.

Gasper alikuwa ameshazima. Alikuwa amepiga magoti kwenye mdomo wa shimo, anasema neno moja tu, "Jamani. Jamani. Jamani." Tulishuka. Mkono wa kulia wa Donati ulikuwa kati ya kikombe na ukuta wa bati, mpaka juu ya kiwiko. Alikuwa na fahamu. Alinitazama akasema, "Rudisheni nyuma kidogo kidogo. Msivute." Alituelekeza yeye mwenyewe jinsi ya kumtoa, kama anavyoelekeza siku zote, kwa upole uleule.

Tulipompandisha juu tukamlaza kwenye magunia, watu walikuwa wamejaa. Nikaona wanapisha mtu. Alikuwa mama Sikitu. Alishika pama la Donati kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba sahani ya chakula.

"Kofia yake hii hapa," alisema. "Niliikuta inalowa, nikaianika kule kwenye tanuri la kukaushia mpunga. Imeshakauka."

Gasper alimtazama, kisha akaitazama kofia, kisha akatazama mkono wake mwenyewe. Nilimwona akielewa. Kisha nikamwona mama Sikitu akitutazama nyuso zetu mmoja mmoja, akitafuta amekosa nini.

Jumamosi, 15 Juni

Wamemkata mkono juu ya kiwiko. Yuko hai.

Jumatatu, 17 Juni

Kikao ofisini kwa meneja. Tulikuwepo mimi, Gasper, mama Sikitu amesimama karibu na mlango, na Bwana Lukelo na karatasi zake.

"Gasper, kanuni ya kofia ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Uliifuata?"

"Niliifuata."

"Donati aliifuata?"

"Aliifuata."

"Basi aliyeivunja ni nani?"

Tangu siku ile Gasper, mtu wa mizaha, ameongea maneno ambayo ningeweza kuyahesabu. Mama Sikitu akajibu kutoka mlangoni, "Ni mimi, baba. Sikujua."

"Mama, mali ya mtu ukiikuta mahali, kwa nini uiguse?"

"Ilikuwa inalowa, baba. Kofia ya mtu mzima. Niiache inyeshewe na mimi naiona?"

Hapo ndipo niliposimama. Nilimwuliza meneja: nani alimwambia mama huyu maana ya kofia ile? Alisema aliagiza watangaziwe. Nikauliza: uliyemwagiza ni nani? Akapekua karatasi. Msimamizi wa vibarua alipunguzwa Machi. Alikuwa amemwagiza mtu ambaye hayupo.

"Hata hivyo," akasema, "chanzo cha ajali ni kuondolewa kwa kofia. Hilo hulipingi, Bwana Hilari."

Nalipinga. Nimelipinga pale kwa sauti iliyosikika mpaka mzanini, na nalipinga hapa kwa utulivu. Watu wanne walifanya lililo sahihi siku ile. Donati alitundika kofia. Gasper alitazama kama kuna kofia. Mama huyu alifanya lile ambalo kila aliyelelewa vizuri katika bonde hili angelifanya: alikuta kitu cha mtu kinaharibika, akakiokoa. Hata wewe meneja uliagiza mtambo uwashwe kwa kuwa wakulima walikuwa wananyeshewa na mpunga wao. Kanuni ambayo watu wote wakitenda vema bado inamkata mtu mkono si kanuni. Na chanzo cha ajali ni nafasi tupu mbele ya ile swichi, urefu wa mtu mmoja, ambayo uliifuta kwa kalamu mwezi Machi.

Alitaka tutie sahihi kwamba kosa ni la kibarua. Nilikataa. Gasper alichukua kalamu, akaishika muda mrefu, akairudisha mezani.

Alhamisi, 20 Juni

Mama Sikitu ameachishwa. Ukumbi una vumbi.

Jumanne, 25 Juni

Mvua zimekwisha. Anga imekuwa kama bati jipya. Milima ya Udzungwa inaonekana karibu kiasi cha kuigusa, na sina hamu ya kuitazama.

Mimi na Gasper tumerudisha desturi. Mmoja akiingia, mwingine yuko swichini, basi. Maana yake ni kwamba kitu kingine kikiharibika kinangoja. Meneja anasema tunahujumu msimu. Nilimwambia tunauonyesha msimu jinsi ulivyo.

Leo nilikuwa ndani ya tanuri lililopoa, kwenye feni yake, Gasper swichini. Nilipotoka nikamgusa bega. "Nirudishie."

Hakusema "Chukua." Alikuwa analia, na mkono wake ulikuwa umeng'ang'ania swichi mpaka nikamtoa kidole kimoja kimoja.

Jumatatu, 1 Julai

Nilikwenda kumwona Donati wodini. Amekonda, lakini ananyoa ndevu kwa mkono wa kushoto, ana vidonda vidogo kidevuni.

"Gasper haji," alisema.

"Anaogopa."

"Mwambie aje. Mwambie mimi nilisikia akiniita. Niliitika, mvua ikameza. Mtu aliyekuita kabla ya kuwasha hakukuua."

Kisha akaniuliza habari za mama Sikitu. Nilimwambia. Alifumba macho. "Kaka, unajua mimi nilikwenda kwa meneja kabla yako? Mwezi wa nne. Nikamwomba mtu wa swichi. Nikaenda tena. Mara ya tatu hakunifungulia mlango. Ndipo nikatundika kofia."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ungepiga kelele. Nilidhani ukiomba kwa upole utapewa."

"Na mimi nilidhani ukipiga kelele utapewa," nikasema.

Tukacheka kidogo. Ndicho kicheko changu cha kwanza tangu siku ile, na kiliniuma kifuani. Nimeandika hapa juu kwamba mtu huyu ana wema wa ng'ombe wa plau. Sitayafuta maneno hayo, nayaacha yasomeke karibu na haya.

Jumapili, 7 Julai

Donati ana mpunga wake Katindiuka, ulikuwa umeiva umeanza kulala, ndege wanaushambulia. Nilikwenda na mundu wangu asubuhi na mapema nikijua mkewe yuko peke yake. Nikakuta nusu ya jaruba imeshavunwa. Mama Sikitu alikuwa katikati ya mpunga, ameinama, na mistari miwili mbele yake Gasper naye ameinama. Hakuna aliyewaita. Kila mmoja alikuja kivyake.

Tulivuna bila maneno mpaka jua likawa kali. Mke wa Donati akatuletea wali na samaki wa kitoga, tukala kwenye kivuli cha rundo la miganda ya mpunga. Gasper akaweka tonge chini.

"Mama, mimi ndiye niliyewasha."

"Na mimi ndiye niliyeondoa," akasema mama Sikitu.

"Basi haya, tuendelee kula," Gasper akasema. Wakaendelea. Nimesoma vitabu vingi juu ya haki, na sijakutana na baraza lililokata shauri kwa uchungu mfupi namna ile.

Jumanne, 16 Julai

Bwana Lukelo aliniita. Alikuwa peke yake, amefungua shati. Alinionyesha barua yake ya Aprili kwenda makao makuu, akiomba mafundi wanne, na jibu la mstari mmoja la kumkatalia. "Unaona? Nami nimebanwa."

Nimemfikiria jioni yote. Mwezi Mei nilimwandika kama mtu asiyejua. Kumbe alijua. Alikuwa anapanda mzanini na kutuhubiria maneno ambayo yeye mwenyewe hakuyaamini. Hilo limemfanya awe mdogo machoni pangu, na kidogo nimemwonea huruma. Lakini huruma isigeuke msamaha wa bure. Anayebanwa kutoka juu bado ana uwezo wa kutobana chini. Kibarua mmoja ukutani hakuhitaji barua ya makao makuu. Aliwaajiri arobaini bila kuuliza mtu. Na barua ya kumfukuza mama Sikitu hawakuiandika makao makuu.

Nilimwambia hivyo. Akafunga shati lake.

Jumatatu, 22 Julai

Kanuni mpya imebandikwa. Kofia za mafundi sasa zitakuwa nyekundu, za kiwanda, na zitafungwa kwa waya kwenye swichi "ili zisiondolewe kwa bahati mbaya." Kiboksi cha kofia kimefika. Tumepata kofia kumi na mbili. Mtu hatukupata.

Chini ya kanuni hiyo kuna tangazo: anatafutwa fundi mitambo, nafasi moja, usaili Jumatatu ijayo. Ni nafasi ya Donati.

Alhamisi, 25 Julai

Waombaji watano wameshaleta vyeti. Mmoja alitoka kiwanda cha nguo, amepunguzwa kama wenzetu. Ana watoto, alinishika mkono kwa nguvu mno. Donati ametoka hospitali. Amekaa nje kwake, anatazama wenzake wakipura mpunga wake, amevaa pama lake. Lina duara jeupe mahali maji yalipodondokea.

Jioni Fausta aliniuliza tena, "Sasa unamwandikia nani?"

Safari hii nilikuwa na jibu.

Jumapili, 28 Julai

Ninyi watano mtakaokuja kesho getini na vyeti vyenu ndani ya bahasha: nitakuwa pale kabla yenu. Nitawapa kurasa hizi mzisome, na Gasper atakuwa kando yangu, mkitaka kumwuliza mwulizeni, atawajibu.

Najua mna njaa. Sitawaambia msiichukue kazi. Anayemwambia mwenye watoto akatae kazi awe kwanza na chakula cha kuwapa. Ichukueni. Lakini mkikaa mbele ya Bwana Lukelo na yeye akamaliza kuwauliza habari za mota na mikanda, kila mmoja wenu, wa kwanza mpaka wa tano, amwulize swali moja: "Nikiwa ndani ya mtambo, nani atakuwa kwenye swichi?" Akiuliza mmoja, atamtoa nje na kumwita anayefuata. Mkiuliza wote watano, hatakuwa na wa kumwita. Atakachowaonyesha ni kofia nyekundu na waya. Mrudishieni mezani, kwa adabu, kama Gasper alivyorudisha kalamu.

Na yule atakayeajiriwa, siku yako ya kwanza utapelekwa kwenye shimo la eleveta. Kikombe bado kimelegea. Hakuna aliyekikaza tangu siku ile. Simama mdomoni mwa shimo na useme kwa sauti, "Nishikieni roho." Nikiwepo nitakujibu. Gasper akiwepo atakujibu. Lakini siku ambayo hutasikia sauti ya mtu ikisema "Ninayo," hata kama mstari wa malori umefika Sanje, hata kama meneja amepiga magoti, weka spana chini. Usishuke.